Tunamlipa nusu ya mshahara ili atufunge sisi wenyewe!

Wakuu, naandika usiku huu nikiwa na hasira ambazo hata chai haijazishusha. Yule bwana anayesimamia usajili wa klabu yetu ya hoki ya barafu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ndiye aliyemtoa winga wetu kwa chaguo la kinda la duru ya tatu, yaani zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi, kisha akakubali klabu yetu iendelee kulipa nusu ya mshahara wake, kiwango cha juu kabisa ambacho kanuni za NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, zinaruhusu.

Jana winga huyo alirudi kwetu na jezi ya wenzetu. Kipindi cha tatu kisahani kikamfikia kushoto, golikipa wetu akapiga magoti kwenye barafu, winga akakiinua juu ya bega la golikipa hadi wavuni. Mwanangu akaniuliza, "Baba, huyu si wetu?" Nilikosa la kumjibu, maana mguu mmoja, mkono mmoja na nusu ya lile gongo bado ni vyetu!

Wala msiniambie kwamba hizo ni fedha za tajiri. Kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila klabu msimu huu wa 2025–26 ni dola milioni 95.5, na ile nusu inahesabiwa kwetu, kwa hiyo nafasi ya beki tunayemhitaji imekaliwa na mtu anayetufunga. Juu ya bega, wakuu! Tumemlipa, akapiga juu ya bega!

GongoLaMvule: Pole mkuu, lakini uzi wako wa Januari tunaukumbuka. Uliandika kwamba winga huyo ni mzigo na aondolewe hata bure. Bila ile nusu, nani angembeba?

Mscarborough: Wewe umeumia usiku mmoja tu. Sisi wa Toronto tulimpeleka winga Phil Kessel Pittsburgh mwaka 2015, tukabaki tukilipa dola milioni 1.2 za mshahara wake kila mwaka hadi 2022. Akatwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, 2016, akalitwaa tena 2017, akahamia Arizona, na sisi tulikuwa tunalipa tu.

BintiBarafu: Kaka, Kessel ni nafuu. Mwaka 2019, ili tujinasue na mshahara wa dola milioni 6.25 wa mkongwe Patrick Marleau, tuliwapa Carolina mchezaji huyo pamoja na chaguo letu la duru ya kwanza la 2020. Wakauvunja mkataba wake, na kwa chaguo lile wakamchukua Seth Jarvis.

Mscarborough: Dada, Marleau alikuwa amebakiza msimu mmoja. Kessel tulimlipia miaka saba.

BintiBarafu: Ndiyo maana inauma! Kwa msimu mmoja tukatoa kinda wa miaka mingi.

Mwenye uzi: Jamani, juu ya bega la golikipa wetu!

GongoLaMvule: Subiri kidogo, mkuu. Dada, kwa nini Toronto hawakumvunjia Marleau mkataba wenyewe?

BintiBarafu: Alisaini akiwa na miaka 37. Kwa mikataba ya waliofikisha 35, ukivunja, kiasi kinachohesabiwa kwenye kikomo chako hakipungui hata senti moja. Na waliomsainisha walilijua hilo siku ile ile.