Maboksi ya spika kwa hewa ya Tanga: MDF, plaiwudi au mninga?

mwana_makorora
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, Makorora, na karakana ninayotumia ni ya mjomba wangu. Ina msumeno wa duara, ruta na jiriwa za kutosha. Nataka kuunda jozi mbili za maboksi. Ya kwanza ya sebuleni, wufa (spika ya besi) ya inchi 10 na twita (spika ndogo ya sauti kali). Ya pili ya kukodisha kwenye harusi, wufa ya inchi 15.

Ninachouliza: MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi laini za mti zilizobanwa kwa gundi), plaiwudi, au mbao yenyewe? Na nimalizie kwa nini: rangi ya kupuliza, vanishi au kapeti?

Nauliza kwa uchungu. Masika iliyopita niliunda jozi kwa chipubodi, nikayaacha barazani usiku mmoja tu, yakapigwa na rasharasha. Asubuhi ubao wa chini ulikuwa umeumuka kama mkate wa kumimina. Skrubu za wufa zikawa zinazunguka bila kushika, nikavuta kwa vidole zikatoka na unga wake. Kazi ya wiki mbili. Sitaki yanirudie.

randa_na_msasa
Pole sana ndugu yangu. Chipubodi ikishakunywa maji hairudi, kwa hiyo tuitoe kabisa kwenye mjadala.

Mimi ni fundi seremala, Ngamiani. Kwa sebuleni nakwambia MDF ya milimita 18. Boksi la spika kazi yake ni kukaa kimya ili wufa iseme peke yake. MDF haina nyuzi zinazokwenda upande mmoja, ni nzito, na imeshikamana sawasawa kila mahali. Igonge kwa kifundo cha kidole: inatoa mlio mfupi mnene na kunyamaza, wakati ubao mwembamba unaendelea kuitika. Ukipitisha ruta kukata tundu la wufa, ukingo unatoka safi bila kuchanika.

Ubaya wake uko kwenye kingo. Uso wa MDF umebanwa sana kiwandani, tone la maji likianguka pale unalifuta tu. Chukua tone hilohilo ulidondoshee kwenye ukingo uliokatwa. Linazama ukiangalia, na ukipapasa baadaye unakisikia kivimbe kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo kingo zote zitakazobaki wazi zinyweshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ikikauka, piga msasa namba 180, rudia. Usisahau ukingo wa ndani ya tundu la wufa na la bomba la kupitishia hewa ya besi. Wengi wanapaka nje pakapendeza, halafu unyevu unaingilia palepale kwenye tundu.

Vipimo ninavyovitumia kwa wufa ya inchi 10: ndani upana sentimita 34, kina 40, kimo 45. Hiyo ni lita 61 na kidogo. Ubao wa mbele na wa nyuma ni 37.6 kwa 48.6, wa ubavuni ni 40 kwa 48.6, wa juu na chini ni 34 kwa 40. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa maboksi mawili kamili. Unapasua kwanza mikanda miwili ya sentimita 48.6 kwa urefu. Mkanda wa kwanza unatoa mbao nne za mbele na nyuma pamoja na mbavu mbili. Wa pili unatoa mbavu mbili zilizobaki na vipande vinne vya juu na chini. Kipande cha sentimita 24 hivi kinachobaki, usikitupe. Hicho ndicho cha kuwekea miimo ya ndani, inayoshika ubavu kwa ubavu usitetemeke.

Skrubu ya kwenye ukingo wa MDF, tanguliza tundu la milimita 3. Ukiingiza kavukavu, ukingo unafunguka katikati kama kitabu. Na uvae barakoa. Vumbi la MDF ni jepesi kuliko la mbao, lina gundi ndani yake, na linakaa hewani muda mrefu baada ya msumeno kuzimwa.

muziki_muheza
Kwa sebule sina ubishi na fundi. Kwa maboksi ya kukodisha, MDF hapana.

Nakodisha muziki Muheza, Korogwe, mpaka Pangani. Boksi langu la kwanza la inchi 15 lilikuwa la MDF. Tulilishusha kwenye pikapu usiku, likamponyoka kijana, likatua kwa kona. Kona ikavunjika ikawa unga. Plaiwudi ikianguka hivyo inabonyea, unapiga puti na maisha yanaendelea. Halafu uzito: bodi nzima ya MDF ya milimita 18 inakaribia kilo 39, plaiwudi nyingi ni thelathini na kitu. Ukiwa na maboksi manne ya kupandisha na kushusha kila Jumamosi, mgongo unazihesabu hizo kilo.

Lakini plaiwudi nayo ina mitego. Usinunue bila kuangalia ukingo wa bodi pande zote nne. Plaiwudi hafifu ina mapengo katikati ya tabaka, na pengo likitokea karibu na wufa litalia *zzzz* kila besi inapopiga. Utafungua boksi mara kumi ukitafuta waya uliolegea, kumbe ni ubao wenyewe. Ile nyeusi ya kumwagia zege, ambayo wengi wanaiita marini, gundi yake inavumilia maji vizuri, ila uso wake unateleza. Lazima uukwangue kwa msasa namba 80 mpaka weusi upauke, la sivyo rangi itabanduka kama ganda.

Wufa ya inchi 15 usiifunge kwa skrubu za mbao. Weka boliti, na nati zenye meno kwa nyuma ya ubao. Utaifungua na kuifunga mara nyingi kuliko unavyodhani.

mzee_wa_chumbageni
Vijana, mnajadili mbao za kiwandani katika mkoa wenye mtiki wa Longuza pale Muheza! Mimi nimekulia kwenye Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu inapigwa na gitaa la besi linasikika mpaka mtaa wa pili. Redio kubwa ya marehemu baba ilikuwa na kasha la mbao, na sauti yake ilikuwa na joto ambalo sijalisikia tena kwenye hivi vya leo. Kijana, tafuta mninga mkavu. Hautaumuka, na wajukuu wako watalikuta.

randa_na_msasa
Shikamoo mzee wangu. Mninga naupenda kuliko mbao zote, na kwa kutulia bila kupindapinda hapa kwetu ni vigumu kupata mwenzake. Ila niseme ninachokutana nacho mezani.

Mbao halisi inapumua. Haiongezeki urefu, inaongezeka na kupungua upana kufuata unyevu wa hewa. Kabati lina nafasi ya kuupokea mchezo huo, boksi la spika halina, maana kila upande umegandishwa. Ukiunganisha vipande vya mninga upate ubao wa sentimita 40, masika utajaa, kaskazi ikivuma utarudi. Mninga unafanya hivyo kidogo, mbao nyingine zinafanya sana, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kupitisha hewa ya wufa. Kuhusu lile joto la sauti, kasha lile lilikuwa linaimba pamoja na spika. Kwa redio moja linapendeza. Kwa boksi la besi linatia matope.

Mwenye hamu ya mninga, ninamfanyia hivi: boksi la MDF, juu yake venya ya mninga, yaani ganda jembamba la mbao hiyo. Venya ibandikwe pande zote mbili za ubao, nje na ndani. Ukibandika upande mmoja tu, ubao utajikunja kuelekea huko. Au fremu ya mninga ya sentimita tano kuzunguka uso wa mbele. Mtiki nao una mafuta, kwa hiyo kabla ya gundi ufute kwa kitambaa chenye tina, ubandike siku hiyohiyo. Na mbao yoyote utakayonunua, dai kibali chake cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), usije ukasimamishwa njiani na mzigo.

mzee_wa_chumbageni
Marahaba fundi. Kwa venya nimekubali. Niandalie jozi.

dada_rangi
Naingia kwenye kumalizia maana ndiyo kazi yangu, napuliza rangi na vanishi za fanicha.

Kosa ninaloletewa kila mwezi ni haraka. Mtu anaunganisha boksi Ijumaa, Jumamosi anataka rangi. Gundi ya kwenye viungo bado ina maji. Tukipiga msasa leo na kupaka leo, baada ya wiki tatu kiungo kinazama na mstari unaonekana chini ya rangi, hata kama siku ya kwanza palikuwa kama kioo. Mpe boksi wiki nzima ndani, mbali na ukuta unaotoa chumvi.

Kwa MDF: baada ya kunywesha kingo, tabaka mbili za primeri, msasa 240, rangi, msasa 400, rangi ya mwisho. Kwa venya ya mninga: sila, msasa 320 kwa mkono mwepesi kufuata nyuzi, sila tena, kisha vanishi isiyong'aa sana. Mninga una uzuri wake, haupotei kwa kukosa kung'aa.

Hewa ya Tanga ndiyo inayotutesa. Vanishi ya kukauka haraka ukiipuliza siku yenye unyevu mwingi inapata ukungu mweupe, kama pumzi kwenye kioo. Tina ikiruka upesi inapoza uso, na maji ya hewani yanatua juu ya vanishi mbichi. Mara nyingi ukungu huo unaondoka ukipuliza tabaka nyepesi ya tina inayokauka polepole, lakini afadhali uuepuke. Masika nasubiri mvua ikatike na jua lipande, saa nne hivi, na saa tisa nishamaliza. Wakati wa kaskazi napuliza siku nyingi bila wasiwasi. Mteja akinilazimisha kupuliza mvua inanyesha, namrudishia mali yake.

Kapeti sijaifanya kwa boksi lolote la nje hapa pwani, na sitaifanya. Nililetewa moja lililotoka kwenye sherehe ufukweni Raskazone: mchanga umejaa kwenye manyoya, umande umeingia, linanuka, na nilipobandua, plaiwudi chini yake ilikuwa nyeusi. Kwa maboksi ya kukodisha paka rangi nzito ya vipele kwa rola, tabaka tatu. Ikikwaruzwa unapaka hapohapo tu.

muziki_muheza
Hapo kwenye kapeti dada umesema kweli tupu. Yangu mawili yana kapeti na nayajutia.

kalafati_bagamoyo
Salamu kutoka Bagamoyo. Mmezungumza mbao na rangi, naomba niongeze hewa.

Kabla ya kukata chochote, tafuta karatasi ya vipimo vya wufa yako. Kuna namba tatu za kuangalia: Fs (hezi ambazo koni hutetemeka yenyewe), Qts (jinsi mtetemo huo unavyotulizwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni). Hesabu zake zinatumia majina ya Thiele wa Australia, aliyeandika mwaka 1961, na Small aliyeziendeleza miaka ya 1970. Mfano, wufa yenye Vas lita 60 na Qts 0.4: boksi lililofungwa kabisa linataka lita 28 tu ili besi itulie. Wufa hiyohiyo ukiipa lita 61 bila bomba, besi inakuwa nyembamba na koni inacheza mno. Kwa hiyo vipimo vya fundi ni vizuri kwa boksi lenye bomba, na kwa wufa inayovikubali.

Ukitoa nafasi inayochukuliwa na miimo, bomba na mgongo wa wufa, zile lita 61 zinabaki kama 57. Ukitaka bomba lipige hezi 40, na kipenyo chake cha ndani ni sentimita 10, urefu unakuja sentimita 18 na nusu. Bomba la plastiki la maji taka la inchi 4 linafaa, ila pima ndani kwa rula, usiamini maandishi. Liweke nyuma, na boksi likae mbali na ukuta kwa shubiri moja au zaidi.

Halafu uvujaji. Huku kwetu mafundi wa majahazi wanatia kalafati, pamba inashindiliwa kati ya mbao kwa mafuta mpaka maji yasipate njia. Boksi nalo litiwe kalafati yake: pitisha gundi kwenye kila pembe ya ndani kwa kidole, baada ya kuunganisha. Mimi napima kwa kijiti cha udi. Ziba bomba kwa kitambaa, piga besi ndefu kwa sauti ya kiasi, pitisha kijiti taratibu kando ya kila kiungo. Moshi unapanda wima, wima, wima, halafu mahali fulani unaanza kutetemeka. Weka alama kwa penseli. Mwezi uliopita nilipata vitundu viwili kwenye boksi nililoapa ni zima, kimoja kwenye skrubu ya plagi ya waya.

Ndani weka sufi ya magodoro, kwenye ukuta wa nyuma na juu, ndani ya mfuko wa chandarua ili isipeperuke kwenda kwenye wufa. Kwenye mdomo wa bomba kaza wavu. Panya wanaipenda sufi sana.

mwana_makorora
Nimerudi baada ya wiki tatu. Asanteni sana, nyote.

Jozi ya sebuleni ni MDF, vipimo vya fundi, na kweli bodi moja imetosha. Karatasi ya wufa nimeipata kwa muuzaji, nikapiga hesabu, nikakata bomba sentimita 18 na nusu. Kipimo cha udi kimenionyesha tundu moja, kona ya chini nyuma, pale gundi haikufika. Nimeziba, moshi sasa umesimama wima. Nimeweka sikio kwenye ubavu besi ikipiga, sisikii ubao, nasikia wimbo tu. Mama amekuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka wimbo umeisha.

Maboksi yamekaa ndani siku ya sita, hayajapakwa rangi. Dada_rangi, kesho redio inasema mvua, nimeamua kungoja. Ya inchi 15 naanza na plaiwudi wiki ijayo. Nimekagua bodi tano dukani, ukingo kwa ukingo, nikachukua moja.

dada_rangi
Ngoja mpaka ukuta wa karakana uwe mkavu ukiuwekea kiganja. Ukifika hapo nitumie picha ya kingo kabla hujapaka primeri.