Mawe ya Mirihi: yaletwe Duniani, au roboti imetosha?

Mlipakodi, Arua
Jiwe la Cheyava Falls kule Mirihi, linalodhaniwa huenda lina dalili za uhai wa kale, urefu wake mita 1 hivi, roboti ya NASA iitwayo Perseverance ililipima Julai 2024, ikachukua kijiti cha mwamba chenye ukubwa wa chaki na kukifungia ndani ya mrija wa titaniamu. Kumbe kazi bado, hadi mirija ije Duniani, kwa makadirio yaliyofika dola bilioni 11! Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani yenyewe ilipendekeza mpango ufutwe, nami naona sawa. Curiosity, roboti nyingine ya kule Mirihi, ina tanuri tumboni: inasaga, inachoma, inapima gesi, hata isotopu za salfa, yaani salfa za uzito tofauti. Pelekeni tanuri jingine bonde la Jezero, iliko Perseverance, yaishe.

Mwalimu wa Kemia, Mbale
Ndugu, tanuri ndilo tatizo lenyewe. Gumzo lote ni la yale madoa ya jiwe hilo, kama ya chui, mapana kwa milimita chache. Ukingoni kuna vivianiti, fosfeti ya chuma. Katikati kuna grigaiti, salfidi ya chuma. Drili ya Curiosity hutoboa tundu la sentimita 1.6 na kulifanya lote unga. Salfa ya doa na salfa ya tope la jirani zinapikwa chungu kimoja! Vijidudu vinavyopumua salfeti (salfa yenye oksijeni) na kuacha salfidi hupendelea salfa 32, nyepesi, kuliko 34, kwa hiyo tofauti hiyo ipimwe doa kwa doa. PIXL, kipimo cha Perseverance, ina mwali wa eksirei wa milimita 0.12, mwembamba vya kutosha, ila hutambua elementi tu. Isotopu haizijui.

Bila uhai, salfeti kugeuka salfidi huhitaji joto la nyuzi 150 na zaidi, na mwamba ule hauna dalili za kuchomwa. Sisemi basi ni uhai. Chuma kinaweza kubadilishwa na kampaundi za kaboni hata penye baridi.

Mlipakodi, Arua
Vimondo vya Mirihi si tunavyo, tena bure?

Mwalimu wa Kemia, Mbale
Karibu vyote ni vya volkano, na hakuna ajuaye kwa hakika vilitoka bonde gani. Kimoja, ALH84001, kilitangazwa 1996 kuwa na dalili za uhai, ubishi haujaisha. Vya hapa Mbale, vilivyoanguka Agosti 14, 1992, si vya Mirihi, lakini tazama chuma chake kinavyoshika kutu mvua ikikipata. Mrija uliofungwa kulekule haupatwi na hilo.

Fundi wa Drili, Kilembe
Kufungwa ni jambo moja, kujaa ni jingine. Agosti 2021, kwenye mwamba ulioitwa Roubion, drili ya Perseverance ilifika kina kilichotakiwa, mrija ukafungwa mtupu: mwamba ulikuwa umeoza, ukabaki shimoni kama unga. Huku kwetu kwenye mwamba wa namna hiyo tungeweka tope la kuchimbia na mrija wa ndani unaofunguka vipande viwili. Kule drili ni kavu. Ilibidi wahamie mwamba mgumu, Rochette, Septemba wakafaulu.

Ssebo wa Arua, hesabu na hili. Mirija 10 iliwekwa chini kama akiba, mahali paitwapo Three Forks, ikakamilika Januari 2023. Sampuli ya Cheyava Falls, Sapphire Canyon, ilichukuliwa baadaye, kwa hiyo imo ndani ya roboti. Gurudumu likikwama mtelemkoni, mtakuwa na akiba salama isiyo na lile jiwe mnalobishania. Ningekuwa na kauli, roboti ingeuweka chini mrija huo kwanza, mahali tambarare, bei ya safari ijadiliwe baadaye.

Mlipakodi, Arua
Kuuweka chini sikatai. Hilo halina bilioni 11.