Gari inagoma ikiwa ya moto, fundi anaipima ikiwa baridi: Pemba tutaliwa pesa mpaka lini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hasira ninazo, na gereji siitaji jina, lakini walioko Chake wasome.

Gari yangu ni Toyota Noah ya petroli. Asubuhi ukigusa ufunguo inawaka. Ukishafika Mkoani, injini imepata moto, ukaizima kidogo tu, ukirudi haitaki. Stata inazunguka kwa nguvu, betri haina neno, ila haiwaki mpaka ipoe. Siku moja nilikwenda bandarini kumpokea mama, katoka Unguja hospitali, akakaa juani juu ya mizigo yake huku mie napiga stata na watu wanatazama.

Yote haya nilimweleza fundi. Akasema niiache ilale gereji. Asubuhi kaiwasha, imewaka, akatoa hukumu: pampu ya mafuta. Tukaagiza Unguja, ikavuka bahari, ikafungwa. Vile vile. Akasema plagi. Akasema koili, ile inayotoa umeme wa cheche. Mwisho akaanza habari za kushusha injini! Ugonjwa wa mchana unaupima alfajiri, halafu bili ananiandikia mimi?

Gari ya namna hii inapimwa pale pale ilipogoma. Tazama cheche: ikiwa moto zikatoweka, ikipoa zikarudi, shuku koili au sensa ya kranki, kile kifaa kinachoiambia kompyuta injini inazunguka. Cheche zipo, funga geji ya presha ya mafuta. Ukizima injini, presha inatakiwa ibaki kwenye njia kwa muda. Ikianguka upesi, ama valvu ya pampu imechoka, ama nozeli, ile inayopuliza petroli ndani ya injini, inavuja. Geji hiyo pale gereji haipo. Pampu za kutuuzia ndizo zipo.

Hata bila kifaa chochote, kanyaga mafuta mpaka chini kisha piga stata. Injini nyingi za nozeli, ukifanya hivyo kompyuta ya injini hukata petroli. Ikiwaka kwa kukohoa na moshi mweusi, basi ilikuwa imejaa mafuta. Yangu ilikuwa ikifanya hivyo hasa, na nilimwambia! Plagi alizozivua zilikuwa nyeusi, zinanuka petroli. Jibu alilishika mkononi, akalitupa, akaniuzia plagi mpya.

Aliyeitambua ni kijana mmoja fundi umeme wa Wete. Kaniambia nije nimetoka safari, nisizime mpaka anione. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba ya hitilafu haikuwepo, na wengi hapo ndipo wanaposema gari safi. Yeye akafungua ukurasa wa joto la maji: nyuzi 35, wakati mpira wa rejeta haushikiki kwa moto! Injini ikishakwenda vizuri inatakiwa isome 80 na kitu hadi 90 na kitu. Kompyuta ilikuwa inadanganywa kuwa injini ni ya baridi, kwa hiyo inamwaga petroli ya kuwashia gari baridi ndani ya injini ya moto. Asubuhi uongo huo hauonekani, maana huku kwetu injini iliyolala haiko mbali na nyuzi hizo. Na ndiyo maana mafuta nayo yalikuwa yanakwisha ovyo.

Akaichomoa soketi, akaipima kwa mita sensa ya joto la maji, ndiyo inayoiambia kompyuta joto la injini. Upinzani wake wa umeme hupungua joto likipanda: kwenye Toyota nyingi ni kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Yangu, na injini inaunguza, ilisoma zaidi ya 1,000. Akaweka nyingine, kitu kidogo kinaenea kiganjani. Tukazima, tukangoja, tukawasha. Imewaka mara moja, na mpaka leo inawaka.

Nimerudi kwa yule wa mwanzo. Pesa? "Ndo kazi ya kujaribu hiyo, bwana." Kujaribu kwa mfuko wa nani? Duka nalo linasema spea ya umeme hairudishwi. Nikauliza pampu yangu ya zamani, iliyokuwa nzima, iko wapi. Akajitia kuitafuta chini ya meza.

Mwenzangu yeyote aliyebadilishiwa kitu kizima Chake, Wete au Mkoani, andika hapa: ulibadilishiwa nini, ulionyeshwa kipimo gani, na cha zamani ulirudishiwa au hukurudishiwa. Mie pampu yangu naitaka, na Jumamosi naifuata.