LibreOffice ya Debian au ya tovuti rasmi?

mwenye_stesheneri: Wakuu, nina stesheneri ndogo Morogoro, mashine zote Debian 12 (mfumo wa Linux). LibreOffice (programu ya kuandikia hati) iliyokuja nayo ni toleo la 7.4. Wanachuo wanaleta ripoti za docx (faili za Word) kwenye flashi, nikifungua jedwali limerukia ukurasa wa pili, na mwenyewe kasimama dirishani ananiangalia. Nishushe ile mpya ya tovuti rasmi?

mzee_wa_apt: Baki hapo mkuu. 7.4 ni ya 2022, kweli, lakini Debian wanaziba mianya ya usalama bila kubadilisha toleo. Ya tovuti unasakinisha kwa dpkg (amri ya kuweka programu kwa mkono), inakaa folda ya /opt, na apt, inayosasisha programu za Debian, haitaisasisha. Ukisahau ndiyo basi.

kibodi_kuukuu: Kuna njia ya kati, bookworm-backports (hazina ya ziada ya Debian 12): toleo jipya zaidi, na msimamizi bado ni apt. Ila anza na fonti! Ripoti imeandikwa kwa Calibri, wewe huna. Weka fonts-crosextra-carlito, herufi zake zina upana uleule. Ya Cambria ni fonts-crosextra-caladea.

mwenye_stesheneri: Carlito imefanya kazi, jedwali limerudi mahali pake. Picha zenye maandishi pembeni bado zinahama. Je, ya rasmi na ya Debian zinaweza kukaa mashine moja?

mzee_wa_apt: Zinakaa, lakini zote zinatumia mipangilio ileile, ~/.config/libreoffice. Nakili folda hiyo kwanza. Na waambie wanachuo walete PDF, bwana, docx ya kuchapisha ya nini?

mwenye_stesheneri: Wanataka kurekebisha jina la msimamizi hapohapo dirishani 😂 Naweka backports.