Naomba ushauri: orodha ya majaribio ikiisha, napimaje zaidi?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa mliobobea kwenye upimaji wa programu.

Mbinu za msingi nazielewa. Fomu ikidai umri wa 18 hadi 60, najua nijaribu 17, 18, 60 na 61, maana hitilafu hupenda kukaa mipakani, pale mwandishi wa msimbo alipoweka "zaidi ya" badala ya "kuanzia". Shida inaanza orodha ikiisha. Mwenzangu kazini anafungua ukurasa ambao majaribio yake yote yamepita, anabofya "Lipa" mara mbili harakaharaka, anarudi nyuma, na malipo yameingia mara mbili! Nikimuuliza amejuaje, anacheka: "Utazoea." Sasa nizoee nini?

Upimaji wa kuchunguza (exploratory testing), yaani kupima bila orodha iliyoandikwa kabla, ule ambao mtaalamu wa upimaji Cem Kaner aliupa jina miaka ya 1980, nimeusoma. Nikiujaribu naishia kubofyabofya tu. Nyinyi mnajiwekea lengo gani kabla ya kuanza? Mnaandika nini mkiwa katikati ya kazi, na mnajuaje kwamba imetosha?

Halafu kuna suala la cheti cha ISTQB, kile cha kimataifa cha wapimaji wa programu. Kazini wanataka nikiache kwanza nijifunze Selenium, zana ya kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kwenye kivinjari. Mimi naona jaribio linalojiendesha hurudia wazo ulilokuwa nalo tayari, na ninachopungukiwa ni mawazo yenyewe. Kama nimepotoka, nikosoeni bila huruma.

Mwenye zoezi lililomnoa jicho aliweke hapa, hatua kwa hatua. Natanguliza shukrani.