Hii biashara ya kulipwa kwa oda ni kutufanya vibarua wa bure

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira mtanisamehe.

Kwa wasioijua hii kitu ya afilieti, duka la mtandaoni linakupa linki yako, unaisambaza WhatsApp, TikTok, popote ulipo na watu, mtu akiingia kupitia linki yako akanunua unapata asilimia fulani. Asiponunua huna chako. Hapo sina ugomvi kabisa. Ugomvi wangu ni nani anayeamua kwamba oda ni oda.

Maana dashibodi yangu imejaa oda zimeandikwa "inasubiri" mpaka macho yanauma. Haihesabiwi mteja akiagiza, haihesabiwi hata mzigo ukifika, inahesabiwa akishalipa na muda wa kurudisha bidhaa ukapita. Na huku Bongo wengi wanalipa mzigo ukiwa mkononi, kwa hiyo kila uzembe wa msafirishaji unakatwa kwenye mfuko wangu mimi ambaye hata hiyo bodaboda siijui.

Juzi dada mmoja wa Mbagala kaagiza blenda ya 85,000 kwa linki yangu. Asilimia 6, yaani 5,100, si hela ya kujengea lakini bando limo humo. Jamaa wa bodaboda kapiga simu mara moja tu, dada yuko kwenye daladala kabanwa hajasikia, basi kageuza zake kaandika "mteja hapatikani", oda ikafutwa. Dada wa watu akaingia kwenye aplikesheni yao akaagiza upya blenda ileile, kapokea, kalipa. Kwangu sifuri!! Nimewatumia skrinshoti zote wakanijibu "mpendwa mshirika, oda zilizoghairiwa hazistahili kamisheni". Mshirika gani sasa, wao wamepata mteja na hela, mimi nimepata "mpendwa".

Bado bidhaa kuisha stoo baada ya mteja kuagiza, hiyo nayo wanaifuta na hasara ni yangu. Bado watu wa kuponi, yaani zile kodi za punguzo la bei, wewe umemshawishi mtu wiki nzima, dakika ya mwisho kabla ya kulipa anaenda kutafuta kuponi, anabonyeza linki ya tovuti ya kuponi, na kwa kuwa mifumo mingi inampa hela mwenye linki iliyobonyezwa mwisho, kamisheni yote inaenda huko.

Na asije mtu kuniambia nihamie Amazon. Kule mteja akishabonyeza linki yako inahesabika saa 24 tu, labda mteja awe ameshaweka kitu kwenye kikapu ndani ya muda huo. Halafu Aprili 2020 waliamka tu wakashusha viwango vya kamisheni, fanicha ikatoka asilimia 8 hadi 3, vyakula toka 5 hadi 1. Watu walikuwa wameshajenga tovuti nzima kwa hesabu za zamani.

Mimi nasema hivi, oda ikifa kwa kosa lao walipe, na kila iliyofutwa waandike sababu tuione. Wakishindwa basi walipe hata kidogo kwa kila anayebonyeza, maana wateja tunawaletea na namba zao za simu wanabaki nazo.

Kama kuna mtu anafanya na duka la Kariakoo linalolipa mzigo ukishapokelewa tu aje inboksi. Wale wa "komaa mkuu mwanzo mgumu" piteni kimya.