Mjadala: CAMARTEC, TEMDO na TIRDO ziwe taasisi moja? Na fedha za utafiti wa uhandisi ziende wapi?

Mhandisi Mlalo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tujadili kwa hoja. Tunayo CAMARTEC pale Arusha kwa zana za kilimo na teknolojia za vijijini, TEMDO hapohapo Arusha kwa usanifu wa mashine, na TIRDO Dar es Salaam kwa utafiti wa viwanda. Zote zilianzishwa kati ya 1979 na 1981. Kila moja ina karakana yake, bodi yake, mkurugenzi wake, na zote zinalia hazina fedha. Maoni yangu ni ziunganishwe, tubaki na karakana moja yenye nguvu, kisha fedha zielekezwe maeneo matatu: nishati itokanayo na mabaki ya shamba, zana za mkulima mdogo, na usalama wa mabasi. Serikali imeshasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa mitungi ya gesi peke yake hatufiki. Biogesi, yaani gesi ya kinyesi na mabaki, tunayo tangu miaka ya 1980, mtambo wa kuba ulisanifiwa hapahapa na CAMARTEC, lakini ukizunguka vijijini unakuta mitambo imekauka. Mnaonaje?

Kipanga wa Segera
Kuunganisha naunga mkono, ila utafiti mpya wa nini tena? Biogesi haikushindwa kwa uhandisi. Imeshindwa kwa sababu akina mama hawataki kushika kinyesi. Mradi ukiondoka tu, mama anarudi kwenye mkaa wake. Ni kama vidhibiti mwendo na VTS (mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari) kwenye mabasi, kifaa ni kizima, binadamu ndiye mbovu, madereva wanachokonoa nyaya. Hakuna injinia atakayetibu tabia.

Mama Ng'ombe Wawili
Kipanga, hapo umenigusa, nami sitanyamaza. Niko Meru, nafuga ng'ombe wa maziwa bandani, na mtambo ninao wa mita za ujazo sita. Kinyesi nakizoa kila asubuhi wewe ukiwa bado umelala. Kilichonishinda ni maji! Mtambo huu unataka ndoo mbili tatu za kinyesi kwa siku, na kila ndoo ya kinyesi inachanganywa na ndoo ya maji. Kiangazi bomba la kijiji linakoroma hewa tu. Sasa niambie, hayo maji machache nianze na ng'ombe, jikoni, au mtambo? Aliyesanifu hakuuliza nani anabeba ndoo, na wewe hukuuliza kabla ya kuandika.

Kipanga wa Segera
Mama shikamoo. Sikukutaja wewe, nilisema kwa ujumla.

Mama Ng'ombe Wawili
Marahaba. Huo ujumla ni nani kama si sisi tunaopika? Mtambo ukisimama inasemwa mama kaona kinyaa. Trekta likiharibika mbona hatusemi baba kaona uvivu? Linapelekwa gereji.

Mkonge Damu
😂 Kipanga leo umepatikana. Lakini jamani mnabishania ndoo, Tanga tulishavuka huko. Hale, wilaya ya Korogwe, mtambo wa biogesi ya mabaki ya mkonge ulizinduliwa 2008, na gesi ile ikazalisha umeme. Mnajua jani la mkonge linatoa nyuzi kavu asilimia 4 hivi tu ya uzito wake? Nyingine yote ni maji na majimaji ya kijani yenye tindikali, miaka nenda rudi ikimwagwa mabondeni na mitoni. Samaki wanakufa, na gesi ya methani inapanda angani bure. Huo ndio utafiti, sio kumwambia mama wa Meru azoe zaidi.

Mhandisi Mlalo
Asante Mkonge, Hale ni mfano mzuri. Naomba tujiulize basi: kama ilifanyika 2008, kwa nini kila shamba la mkonge, kila machinjio na kila kiwanda cha sukari hakina mtambo kama ule? Naamini ni kwa sababu hakuna taasisi moja yenye jukumu la kuunakili na kuupunguza bei. Kila mtambo unaanza na fedha za mfadhili na unaishia palepale.

Kisarawe Kwetu
Mkisema nishati ya mimea mimi napata hasira. Kwetu kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000, ardhi ya vijiji 11, ilime mibono kaburi kwa ajili ya dizeli. Tuliambiwa mbono haushindani na chakula, unaota kwenye ardhi kame, hautaki mbolea. Mwaka 2011 shughuli ikasimama. Vijana waliokuwa vibarua wakabaki bila kazi, na ardhi haikurudi mikononi mwetu. Mbegu yenyewe ni sumu, hata mbuzi humlishi. Kwa hiyo mtu akiniambia tuongeze fedha za utafiti wa nishati, namuuliza, utafiti wa mbono ulikuwa wapi kabla ya kugawa ardhi?

Mhandisi Mlalo
Ndugu yangu wa Kisarawe, ule haukuwa utafiti, ulikuwa uwekezaji uliotangulia utafiti. Mbono ni kweli unaishi kwenye ukame, lakini kuishi si kuzaa. Ili utoe mbegu za kutosha unataka maji na rutuba kama mazao mengine, na hapo unarudi kushindana na mahindi. Shamba la majaribio la misimu michache kwenye udongo wenu lingeonyesha hilo kabla hekta moja haijagawiwa. Ndiyo maana nataka taasisi yenye meno.

Kisarawe Kwetu
Meno ya kumng'ata nani? Aliyegawa ardhi hakuwa CAMARTEC.

Suka wa Masafa
Nimesoma juu huko "madereva wanachokonoa nyaya". Kipanga, umewahi kushika usukani wa basi la masafa? Wapo wanaochokonoa, na wanafungiwa, sawa kabisa. Mimi nina kitufe changu cha utambulisho, VTS inaniona kutoka Dar mpaka Tunduma. Mtu akizidisha mwendo ashikwe. Lakini abiria hafi kwa mwendo peke yake. Uliza basi likipinduka paa linakwenda wapi. Mabasi mengi yanayojengewa bodi mitaani yanakaa juu ya chesisi ya lori. Nguzo za pembeni ni bomba jembamba, zimeunganishwa kwa vishikizo vya welding badala ya mshono mzima. Viti vimefungwa kwenye bati la sakafu, havikufungwa kwenye fremu. Likilala ubavu nguzo zinakunjika, paa linashuka usawa wa madirisha, viti vinang'oka na kurundikana mbele vikiwa na watu. Nimeyaona hayo barabarani na siyasahau. Halafu ripoti inaandikwa "uzembe wa dereva". Kila siku ni sisi.

Jirani wa Namanga
Suka, pole, lakini hata dereva ana mchango wake. Sisi Kenya waziri Michuki, Mungu amrehemu, alileta sheria zake Februari 2004: kidhibiti mwendo kilomita 80, mikanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu, yeye akakaza. Mwanzo nidhamu ilionekana. Baadaye madereva na wenye magari wakajua kukitegua kile kifaa, tukarudi kulekule.

Suka wa Masafa
Umetaja "wenye magari" mwishoni kabisa, baada ya madereva. Nani anataka basi lifike mapema likageuze? Nani anatoa ratiba? Kifaa kinateguliwa gereji tajiri akiwa amesimama hapo. Aliyeajiriwa kwa mdomo bila mkataba atamkatalia nani?

Kipanga wa Segera
Sasa huo ni utetezi. Mwendo ni mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 100 mwendo umeongezeka robo, lakini nguvu ya mgongano inakua kwa mraba, inazidi kwa nusu na ushee. Bodi gani ya bomba itahimili hiyo?

Suka wa Masafa
Hesabu yako naikubali, imenisaidia. Kama nguvu inazidi hivyo, kwa nini tunapima mwendo tu na bodi hatupimi? Na tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku Oktoba 2023, mimi nadai pia kipimo cha usingizi. Sheria inataka dereva wa pili safari ikizidi muda wa saa nane. Nenda stendi ukaangalie huyo wa pili analala wapi. Analala kwenye buti la mizigo, au kwenye kiti cha nyuma juu ya injini inayounguruma. Anapokezwa usukani akiwa amechoka kuliko aliyemwacha. Injinia anaweza kusanifu kitanda cha dereva, si lazima asanifu roketi.

Jirani wa Namanga
Hiyo ya bodi tuko pamoja. Kwetu kuna kiwango cha KS 372 cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, watengenezaji wengi wa mitaani walikilalamikia kuwa ni ghali. Kuandika kiwango ni kazi moja, kukilazimisha ni nyingine.

Fundi Kuba
Naomba turudi kwenye biogesi kidogo, Mama wa Meru hajajibiwa. Nimejenga mitambo tangu mradi wa kitaifa wa biogesi uanze 2009. Mama, suala la maji lina dawa, nayo ni mkojo wa ng'ombe. Sakafu ya banda ikisakafiwa kwa mteremko kuelekea mdomo wa mtambo, mkojo unateremka wenyewe usiku kucha na maji ya kuongeza yanapungua sana. Tatizo mafundi wengi walijenga mtambo mbali na banda, wakafuata nafasi ya kuchimba badala ya kufuata ng'ombe.
Pili, mitambo mingi inayoitwa imekufa haijafa. Gesi inatoka na mvuke, mvuke unapoa kwenye bomba, maji yanajaa pale bomba lilipobonyea. Moto unaanza kurukaruka, mwisho unazimika. Kuna koki ya mtego wa maji, unafungua, yanamwagika, moto unarudi. Mwenye nyumba hakuonyeshwa koki hiyo, au ilifukiwa na zege siku ya kumalizia.
Tatu ni plasta ya ndani ya kuba. Inapigwa tabaka kwa tabaka, sementi nzito mwishoni. Fundi akiiba sementi unabaki ufa mwembamba usioonekana, gesi inatoroka usiku, asubuhi huchemshi hata chai. Injinia alichora vizuri. Aliyepiga plasta alilipwa kwa idadi ya mitambo, hakulipwa kwa mtambo unaowaka.

Mama Ng'ombe Wawili
Fundi, Mungu akubariki, wewe ndiye mtu wa kwanza humu kuniuliza mtambo ukoje. Wangu uko upande wa pili wa nyumba, ng'ombe wako huku. Je, gesi inatakiwa iwake muda gani kwa siku? Maana niliambiwa nitapika kila kitu, na maharage yananikatikia njiani.

Fundi Kuba
Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa lita 35 hadi 40 za gesi. Jiko la jicho moja linakula lita 400 hivi kwa saa. Ukilisha kilo 30 unapata karibu saa tatu. Chai, mboga na ugali vinatosha. Maharage loweka usiku, na ukichemsha funika. Aliyekuambia kila kitu kwa ng'ombe wawili alikuwa anauza.

Kipanga wa Segera
Kwa hiyo bado mkaa unahitajika, kama nilivyosema.

Mama Ng'ombe Wawili
Hukusema mkaa unahitajika, ulisema nina kinyaa. Usibadilishe. Na hata gesi ikiwa haba mtambo siufukii, kwa sababu tope linalotoka nalipeleka kwenye migomba na kahawa. Nalifunika lisipigwe jua, maana likikauka wazi nguvu yake inaruka hewani. Mbolea ya dukani nimepunguza. Wale wa utafiti wakija wanahesabu majiko tu, shambani hawafiki. Ukitaka kujua mtambo unalipa au haulipi hesabu na migomba.

Mkonge Damu
Hiyo ya migomba ni pointi kubwa, Mlalo iandike.

Mhandisi Mlalo
Nimeiandika. Lakini wakuu, swali lilikuwa kuunganisha taasisi tatu. Hakuna aliyelijibu tangu Kipanga.

Kisarawe Kwetu
Mimi nimejibu. Unganisha au usiunganishe, kabla ya ardhi ya mtu kuguswa, majaribio yafanywe kwake na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Fundi Kuba
Nami nasema hivi, fedha ya jengo la makao makuu mapya mnayotaka kuunganisha, wapeni mafundi wazunguke kukagua mitambo iliyokwishajengwa. Wakague na kutengeneza, sio kuandika ripoti. Mama, kabla ya kutafuta fundi paka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya bomba. Povu likivimba mahali, hapo panavuja.

Suka wa Masafa
Mlalo, wewe ni mhandisi, nijibu moja tu. Bodi ya basi ikitoka gereji, nani anaipima kama itahimili kupinduka?

Mhandisi Mlalo
Ukaguzi wa gari unaangalia breki, usukani, taa, matairi. Nguvu ya fremu wakati wa kupinduka inapimwa kwa kuiegemeza fremu kwenye jukwaa mpaka ianguke ubavu, kisha wanaangalia kama nafasi ya abiria imebaki salama. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 66 inayohusu hilo. Humu nchini mimi sijaona karakana yenye jukwaa hilo.

Suka wa Masafa
Basi jengeni hilo jukwaa kwanza. Liwekeni Arusha, liwekeni Mabibo kwa NIT, chuo cha usafirishaji, popote. Fremu ya kwanza ikianguka na paa likashuka, waiteni wenye mabasi waje waone kwa macho yao.